Naitrojeni ya Nani? Bakteria wa Kaskazi Katika Bahari ya Mombasa Bara

Miezi ya kaskazi, upepo ukilegea na jua la saa sita likiwaka juu ya maji matulivu, nje ya mwamba wa Likoni na Nyali huweza kutokea michirizi mirefu yenye rangi ya kutu, imejipanga kuufuata upepo. Mkazi wa Likoni au Changamwe akiiona, neno la kwanza litakalomtoka ni mafuta. Hana kosa. Bandari ya Kilindini iko mlangoni pake, na mafuta yaliyomwagika mwaka 2005 yaliiharibu mikoko ya Port Reitz mbele ya macho ya watu ambao wengi wao bado wapo. Lakini mafuta hunata na kung'aa rangi nyingi. Michirizi hii ukiichota kwa kiganja unakuta vijiuzi na vijibonge vidogo vinavyoelea, kila kimoja kikionekana bila darubini. Mabaharia wa James Cook walikutana navyo mwaka 1770 karibu na Australia, na jina la unga wa mbao wa baharini likabaki katika vinywa vya mabaharia wa Kizungu tangu hapo. Mjerumani Christian Ehrenberg aliviona Tor, kwenye Bahari ya Shamu, mwaka 1823, na mwaka 1830 akavipa jina la kisayansi: Trichodesmium.

Ni bakteria. Hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni, kazi ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwa ni ya majani. Bahari imejaa bakteria wa namna hiyo. Huyu ana shani ya ziada, na shani hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani wamsome jenomu yake yote mapema kabisa, katika miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye Joint Genome Institute ya wizara yao ya nishati, California. Robo karne baadaye inafaa kuuliza usomaji ule umetuambia nini, na hasa umetuambia nini sisi tunaoishi ukingoni mwa maji anamoishi. Jibu langu ni kwamba umetuambia mengi juu ya anachoweza kufanya, na machache mno juu ya anachokifanya hapa. Pengo hilo halizibwi kwa kununua mashine nyingine ya kusoma DNA.

Tuanze na shani yenyewe. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, na gesi hiyo huyeyuka baharini bila shida, lakini karibu viumbe vyote haviwezi kuitumia. Atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu nyingi, na kuzitenganisha kunataka kimeng'enya maalumu kiitwacho naitrojenasi, ambacho ni bakteria na jamaa zao wachache tu wenye uwezo wa kukiunda. Kimeng'enya hicho kina udhaifu mkubwa: oksijeni hukiharibu. Hapo ndipo penye kitendawili. Kiumbe kinachotengeneza oksijeni mchana kutwa, kisha ndani ya mwili huo huo kikatumia kimeng'enya kinachouawa na oksijeni, ni sawa na mpishi anayetaka kuwasha jiko na kugandisha barafu katika chumba kimoja. Bakteria wengine wa jamii hii wametafuta njia za kawaida. Baadhi hujenga seli maalumu zenye ukuta mnene, zisizotoa oksijeni kabisa, na kazi ya naitrojeni hufanyika humo tu. Wengine husubiri usiku, usanisinuru ukiwa umesimama.

Trichodesmium hafanyi hili wala lile. Hana zile seli zenye ukuta mnene, na kazi ya naitrojeni huifanya mchana, kilele chake kikiwa karibu na saa sita. Mwaka 2001 Ilana Berman-Frank na wenzake walionyesha katika jarida la Science namna anavyoponea: wakati kazi ya naitrojeni inapokaribia kilele, usanisinuru hupungua kwa muda, na ndani ya uzi mmoja wenye makumi ya seli ni sehemu tu ya seli zinazobeba naitrojenasi. Yaani hugawa zamu, kwa saa na kwa mahali. Maelezo hayo hayajamaliza ubishi wote wa wataalamu, lakini yanatosha kuonyesha kwa nini jenomu yake ilitamaniwa.

Bakteria aliyesomwa alitoka mbali na hapa. Alichotwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 pwani ya North Carolina na watu wa taasisi ya sayansi za bahari ya chuo kikuu cha jimbo hilo, akafugwa kwenye chupa, akaandikwa IMS101. Kufuga Trichodesmium ni kazi ya kuvunja moyo, kwa sababu hufa kwa visababu vidogo, kwa hiyo aliyekubali kuishi maabara akawa ndiye mwakilishi wa ukoo mzima. Karibu kila utakachosoma juu ya jeni za Trichodesmium kimejengwa juu yake. Msomaji wa Mombasa na akumbuke hilo, tutalirudia.

Jenomu yake ina jozi za herufi kama milioni 7.75. Kwa kiumbe wa bahari kuu hiyo ni anasa. Bahari kuu ya joto ni maskini wa virutubisho, na nadharia iliyozoeleka ni kwamba umaskini hulazimisha kubana matumizi, maana hata DNA inataka fosforasi na naitrojeni ili ijengwe. Prochlorococcus, bakteria mwingine wa usanisinuru anayejaa katika bahari hizo hizo, ndiye kielelezo cha nadharia hiyo. Jenomu za aina zake zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba mmojawapo anaishi kwa herufi zisizofika milioni 1.7, amekata kila kisichokuwa cha lazima. Trichodesmium ana zaidi ya mara nne ya hizo, na kinachostaajabisha zaidi ni kwamba sehemu inayobeba maagizo ya kuunda protini ni kama asilimia 60 tu, wakati kwa bakteria wa kawaida huwa kama asilimia 85. Asilimia kama 40 iliyobaki ni nafasi za katikati, vipande vinavyorukaruka, na nakala za nakala.

Mwanzoni wengine walidhani ni matokeo ya kufugwa: kiumbe akilishwa vizuri kwenye chupa kwa miaka, huacha kujibana. Mwaka 2015 Nathan Walworth na wenzake walichapisha katika jarida la PNAS ulinganisho na sampuli zilizochotwa moja kwa moja baharini, na hali ikawa ile ile. Wa porini naye ana nafasi hizo. Tena si zote zimekaa kimya, maana nyingine hunakiliwa kuwa RNA zinazoonekana kudhibiti jeni nyingine. Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito zaidi yanatokana na mwenendo wake. Trichodesmium haishi peke yake seli moja moja. Huishi kwa makundi, hufurika kwa wingi wa kutisha kisha hufa kwa siku chache, na kila kundi limepangisha bakteria wengine chungu nzima. Idadi inayopanda na kuporomoka namna hiyo huupa uteuzi wa asili nafasi ndogo ya kusafisha takataka za jenomu. Huo ni uamuzi wangu juu ya hoja za watu, na wapo wataalamu wanaoutazama mjadala huu kwa upande mwingine.

Faida ya wazi zaidi ya usomaji ilikuwa upande wa fosforasi. Aliyejitosheleza kwa naitrojeni atakwama kwa kingine, na baharini kingine hicho huwa ni fosforasi au chuma. Sonya Dyhrman wa taasisi ya bahari ya Woods Hole, Marekani, na wenzake, wakiipekua jenomu, walikuta jeni za kuvunja aina ya misombo ya fosforasi ambayo viumbe wengi wa usanisinuru baharini hawaiwezi. Wakaenda baharini wakakuta jeni hizo zinafanya kazi kweli, na makala yao ikatoka katika Nature mwaka 2006. Huo ndio mfano wa jenomu iliyosomwa vizuri: iliwaambia watu wapi pa kutazama, nao wakapanda chombo wakaenda kutazama. Kwa upande wa chuma, makundi yake yameonekana yakikamata chembe za vumbi lililoanguka baharini, yakizisogeza hadi katikati ya kundi na kuziyeyusha huko. Na mifuko ya gesi iliyomo ndani ya seli zake ina nguvu ya kuhimili shinikizo la kina kirefu, hivyo anaweza kuzama na kupanda tena. Michirizi inayoonekana juu ya maji ni wale tu waliopanda.

Sasa tuje kwetu.

Mwambao huu haukuanza kumjua Trichodesmium kwa jenomu. Ian Bryceson, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha pamoja na Peter Fay mwaka 1981, katika Marine Biology, utafiti kuhusu uhusiano kati ya kufungana kwa nyuzi zake na uwezo wa kutwaa naitrojeni. Ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo duniani za kulikabili lile fumbo la kuishi bila seli maalumu. Mwaka 2002 Charles Lugomela na wenzake, akiwemo Thomas Lyimo, Bryceson mwenyewe, marehemu Profesa Adelaida Semesi na Birgitta Bergman wa Stockholm, walieleza katika Hydrobiologia aina zilizoko maji ya Tanzania, majira yake, na kiasi cha naitrojeni na kaboni anachokitwaa. Majira yake ni kaskazi. Upande wa Kenya, Waholanzi walileta meli yao ya utafiti Tyro mwaka 1992, katika mpango wao wa Bahari Hindi, wakashirikiana na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI. Jacco Kromkamp na wenzake walipima uzalishaji wa mimea midogo ya maji wakati wa kusi na tena wakati wa maleleji ya Novemba, na makala yao ya mwaka 1997 ilimtaja Trichodesmium tangu kichwa cha habari.

KMFRI yenyewe, iliyoundwa mwaka 1979, iko Mkomani, upande wa bara kaskazini ya kisiwa, mwendo mfupi kutoka Kisauni. Naitaja kwa sababu katika mazungumzo ya sayansi ya jenomu ni rahisi kudhani kuwa kila kitu kiko Nairobi au ng'ambo.

Kwa nini majira ya kaskazi yana uzito kwa mvuvi? Tim McClanahan aliandika mwaka 1988 mapitio ya majira katika maji ya Afrika Mashariki, na picha aliyoichora wavuvi wanaijua kwa ngozi zao: kusi ni upepo mkali, maji yaliyochafuka na kupoa, vyombo vidogo vikikaa pwani, kaskazi ni maji ya joto, bahari iliyotulia, na uvuvi kunoga. Sehemu ya kunoga huko ni usalama tu, maana ngalawa inaweza kutoka. Lakini kuna jambo la kikemia lisilokaa sawa. Bahari ikitulia na tabaka la juu likipata joto, maji ya chini yenye virutubisho hayapandi. Tabaka la juu huelea juu ya yale mazito na ya baridi, na kila siku ya jua kali huimarisha mpaka huo. Kwa hesabu ya kawaida maji ya kaskazi yangepaswa kukosa naitrojeni na mimea yake midogo kudhoofu. Kuna kinachoingiza naitrojeni kutoka njia nyingine, na Trichodesmium, anayependa hali hiyo hiyo ya joto, utulivu na ukosefu wa naitrojeni, ndiye mshukiwa mkuu. Naitrojeni anayoitwaa humvuja akiwa hai na kutawanyika akifa, wengine wakaila, hadi kwa simsim wa nyavuni na kibua wa kikaangoni.

Mshukiwa mkuu, lakini hayuko peke yake. Ukisimama ufuoni Kisauni, naitrojeni inaingia baharini pia kutoka nyuma yako. Mji wa bara umejengwa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe yanayopitisha maji, na nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya maji taka, mara nyingi hatua chache kutoka kisimani. Daniel Munga wa KMFRI na wenzake waliuchunguza uchafuzi wa maji ya ardhini Kisauni hasa, wakakuta visima vikibeba naitreti na bakteria wa kinyesi. Maji hayo ya ardhini hayabaki Kisauni. Hushuka polepole hadi kwenye ufuo na kutokea chini ya mchanga maji yakipwa. Upande wa Changamwe kuna mtambo wa maji taka wa Kipevu, na kuna mitaa mingi isiyounganishwa nao, na vijito vya Tudor na Port Reitz vinapokea kinachobaki. Likoni hali haina tofauti kubwa.

Kwa hiyo swali la nani anailisha bahari hii si la mapambo. Mtu wa kaunti akitaka kujua kama kupanua mfereji wa maji taka kutabadilisha chochote kwenye mwamba, lazima ajue naitrojeni ya pale ni ya nani. Nyasi za bahari zikifunikwa na mwani mwembamba, je, chanzo ni vyoo vya Bamburi au bakteria wa bahari kuu? Majibu mawili yanadai bajeti mbili.

Hapa jenomu haisaidii moja kwa moja. Kinachosaidia ni kipimo cha kale na cha bei nafuu. Naitrojeni ina isotopu mbili za kudumu, nyepesi na nzito kidogo. Inayotwaliwa hewani na Trichodesmium hubaki na uwiano wa hewa au hupungukiwa kidogo na ile nzito. Ya maji taka huwa nzito, kwa sababu njiani, katika mashimo na matope, bakteria wengine hupenda kuitumia nyepesi kwanza na kuirudisha hewani kuwa gesi, wakaiacha nzito. Ukikausha majani ya nyasi za bahari, mwani au mnofu wa samaki kutoka vituo kadhaa, kuanzia vijitoni hadi nje ya mwamba, na ukafanya hivyo kusi na kaskazi, uwiano huo hukupa ramani ya chanzo. Si ramani kamili: naitrojeni ya kina kirefu nayo ina uwiano wake ulio katikati, na vyanzo vikichanganyika hesabu huwa na utata. Hapo ndipo vipimo vya jeni huingia. Jeni ya naitrojenasi iitwayo nifH hutafutwa majini kwa kipimo cha PCR, na RNA yake huonyesha kama inatumika wakati ule ule uliochota. Isotopu hukumbuka miezi, RNA hukumbuka saa. Ukivitumia pamoja unapata ushahidi ambao kimoja hakiwezi kuutoa.

Kutafuta jeni majini badala ya kufuga viumbe kulizaa pia mojawapo ya visa vizuri zaidi vya biolojia ya bahari. Mwaka 1998 Jonathan Zehr wa California alikuta katika maji ya Pasifiki kipande kifupi cha nifH kisichofanana na cha mtu yeyote anayejulikana. Mwenye jeni hiyo hakuonekana. Jenomu yake iliposomwa kikamilifu mwaka 2010, watu walishangaa: ni wa ukoo wa bakteria wa usanisinuru, lakini amepoteza mtambo wote wa kutoa oksijeni pamoja na njia ya kutwaa kaboni, akabaki na herufi milioni 1.44 tu. Alitatua kitendawili cha jiko na barafu kwa kuuza jiko. Ilikuwa dhahiri anaishi kwa kumtegemea mwingine, na mwingine huyo alikuwa mwani wa seli moja. Aliyewezesha hatua ya mwisho ni Kyoko Hagino wa Japani, aliyetoka kuchota maji mara zaidi ya 300 kwa zaidi ya miaka kumi hadi akaweza kumfuga mwani huyo. Mwaka 2024 ndipo ikatangazwa katika Science kwamba yule bakteria si mpangaji tena bali amekuwa kiungo cha seli, kiungo cha kwanza kujulikana cha kutwaa naitrojeni.

Watu wa magazeti walishangilia jenomu na darubini. Mimi nilichokiona ni zile safari 300. Hakuna mashine iliyozifupisha.

Kisa hicho pia kilipunguza hadhi ya Trichodesmium. Mwaka 1997 Douglas Capone na wenzake walikuwa wamemtangaza katika Science kuwa nguzo ya naitrojeni ya bahari ya dunia. Bado ni mkubwa, lakini leo hakuna anayeweza kuhesabu naitrojeni ya bahari ya joto kwa kuhesabu michirizi ya juu peke yake, maana wengine wasioonekana kwa macho wanafanya kazi hiyo hiyo.

Mashaka juu ya IMS101, yule mfugwa wa North Carolina, yanakuwa mazito zaidi tunapouliza habari za kesho. David Hutchins na wenzake walimfuga kwa miaka minne na nusu katika maji yenye kaboni dayoksaidi nyingi ya kiwango kinachotarajiwa baadaye. Mwaka 2015 wakaripoti kwamba alitwaa naitrojeni zaidi, na hata aliporudishwa kwenye hali ya sasa hakupunguza. Wengi wakasema bahari yenye joto na tindikali itajipatia mbolea yake. Mwaka 2017 Haizheng Hong, Dalin Shi na wenzao wa Xiamen, China, wakaandika katika Science kinyume: tindikali yenyewe humdhuru Trichodesmium kuliko kaboni inavyomfaa, hasa chuma kikiwa kidogo, na wakalaumu namna maji ya chupa yalivyotengenezwa katika majaribio ya awali. Kundi moja la bakteria, majibu mawili, tofauti ikiwa ni mapishi ya maji. Kwa Mombasa, ambako maji ya Machi hukaribia nyuzi 30 na kuelekea ukingo wa joto linalomfaa zaidi, kutabiri uvuvi wa kaskazi ya mwaka 2050 kwa chupa hizo ni kujidanganya.

Je, tunakosa uwezo wa kusoma jenomu hapa? Kwa sehemu kubwa, hapana. Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Kisauni, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Mwaka 2020, korona ilipoingia, maabara hiyo ilisoma jenomu za virusi kutoka kaunti za pwani, zikiwemo sampuli nyingi za Mombasa, na kufuatilia njia za maambukizi. Walitumia vifaa vya kusomea DNA vinavyotosha kiganjani. Anayeweza kusoma kirusi cha mgonjwa wa Likoni anaweza kusoma ndoo ya maji ya Likoni. Kazi ya kupanga data ndiyo itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu ndoo ina maelfu ya viumbe waliochanganyika, na jenomu ya Trichodesmium iliyojaa marudiorudio ni mbaya kuunganishwa. Hata chombo kipo: KMFRI inayo meli ya utafiti, RV Mtafiti, iliyotoka kwa Wabelgiji.

Kinachokosekana ni mfululizo. Waholanzi walipima kusi moja na maleleji moja ya mwaka 1992 wakaondoka, na karibu kila utafiti wa mwambao huu una umbo hilo: fedha za miaka miwili au mitatu, shahada moja, makala, kisha kimya. Mfadhili hupenda kununua mashine kwa sababu ina picha ya kuzinduliwa. Kumlipa mtu wa kuchota maji mahali pale pale kila wiki kwa miaka kumi na tano hakuna utepe wa kukata. Lakini mambo tunayoyauliza, kama michirizi inaongezeka, kama inaendana na mavuno ya kaskazi, kama mto Sabaki ukifurika unamfukuza Trichodesmium au unamlisha chuma, yote ni maswali ya mfululizo. Jenomu moja, hata ikisomwa bila kosa hata la herufi moja, haina tarehe ndani yake.

Kuna na habari ya umiliki, nitaipita haraka. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira zinazomtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na akubaliane kuhusu kugawana faida. Kanuni hizo zilifikiria chupa na vielelezo, wakati leo kinachosafiri ni faili. Mkutano wa bayoanuwai wa Montreal wa mwaka 2022 ulikubali kwamba data za DNA nazo zigawiwe faida, na mfuko wa Cali ukazinduliwa mwaka 2025 kwa ajili hiyo. Mkataba wa bahari kuu, ulioanza kutumika Januari 2026, unagusa kilicho nje ya mipaka ya nchi. Bakteria anayepeperushwa na mkondo kutoka maji ya Tanzania, akapita Likoni, akavuka kwenda Somalia na kisha bahari kuu, atawafurahisha wanasheria. Kibiashara sioni hazina ya karibu ndani yake. Ninaloliona la thamani ni kwamba data za maji yetu zikiwekwa wazi ziwe na jina la mahali, siku na mchotaji, ili mwanafunzi wa Pwani University au wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa azikute.

Jambo la mwisho ndilo linalogusa kazi zote za zamani. Mwaka 2021 Tom Delmont alichapisha katika PNAS matokeo ya kuunganisha jenomu za Trichodesmium kutoka sampuli nyingi za maji zilizokusanywa na safari za meli ya utafiti Tara duniani kote. Miongoni mwao alikuta spishi mbili zilizoenea sana, ni Trichodesmium kwa ukoo na kwa kila kitu, ila hazina jeni za naitrojenasi. Hazitwai naitrojeni. Maana yake, kuhesabu nyuzi chini ya darubini, njia iliyotumika miaka mingi ikiwemo kwetu, hakuthibitishi kwamba mbolea inatengenezwa. Mchirizi wa kutu nje ya Nyali unaweza kuwa kiwanda cha naitrojeni, au mlaji mwingine tu wa naitrojeni ya vyoo vya Kisauni, na kwa macho vitafanana.

Sampuli za zamani zilizowekwa kwenye fomalini zitasaidia kidogo, kwa sababu fomalini huiharibu DNA. Inabidi kuchota upya: wavu wa matundu madogo, kichujio, friza isiyozimwa umeme ukikatika, na vituo vitatu visivyobadilishwa, kimoja kijito cha Tudor, kimoja ndani ya mwamba wa Bamburi, na kimoja nje kwenye maji makuu. Mwezi wa kuanzia ni Novemba, kabla kaskazi haijashika, ili michirizi ya kwanza ikitokea maji ya kabla yake yawe yamekwisha kupimwa.